Kadi ya CHF Iliyoboreshwa: Tathmini ya Mtumiaji, na Sababu za Serikali Kuilinda

Kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita kijijini kwetu mkoani Dodoma hujiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao karibu kila mtu huuita CHF. Kadi yake humpa mwanakaya haki ya kumwona tabibu, kupimwa, kupewa dawa, kulazwa na hata kufanyiwa upasuaji bila kulipa dirishani, kuanzia zahanati ya kijiji, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kaya yangu imeitumia kadi hii kwa miaka kadhaa. Tuliomo ni mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi, ambaye ana shinikizo la damu na hajafikisha umri wa miaka 60, kwa hiyo hana msamaha wa matibabu wanaopewa wazee. Naandika kama mtu aliyenufaika na anayetaka huduma hii idumu, na kwa sababu hiyohiyo sitaficha mahali inapopwaya.

Nianze na uandikishaji, kwa kuwa hapo ndipo huduma hii iliponifurahisha kwanza. CHF ya zamani ilikuwa ya karatasi na daftari, na ilimfunga mwanachama ndani ya wilaya yake, kiasi kwamba aliyeugua akiwa safarini alikuwa sawa na asiye na kadi. Hii iliyoboreshwa ilimfuata mwananchi nyumbani. Mwandikishaji hupita kitongoji kwa kitongoji akiwa na simu janja, humpiga picha kila mwanakaya mmoja mmoja, huingiza majina na tarehe za kuzaliwa, kisha taarifa hizo huenda kwenye mfumo wa kompyuta ambao zahanati inaweza kuusoma. Kwetu kazi yote ilifanyika uani. Mtoto mdogo alishikwa na mama yake mbele ya ukuta wa jiko, na picha ilirudiwa mpaka uso ukaonekana vizuri, kwa sababu picha hiyo ndiyo itakayolinganishwa na sura ya mgonjwa dirishani. Mfumo huu ulizaliwa mkoani kwetu, kupitia mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi, na baadaye serikali ikauchukua na kuusambaza nchi nzima kuanzia mwaka 2018. Nautaja kwa fahari, kwani si mara nyingi jambo jema linaanzia Dodoma vijijini na kuishia taifa zima.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza uani hapohapo. Kadi inabeba watu sita, lakini kaya za kwetu hazihesabiki hivyo. Shangazi yangu anaishi nasi, anakula chungu kimoja nasi, lakini kwenye mfumo hakuwa na nafasi, na ikabidi akatiwe kadi ya pili kwa bei ileile ya kaya nzima. Tuliweza kulipa. Ninazijua kaya zenye bibi, wajukuu yatima na watoto wa kuzaa ambazo hazikuweza, na ambazo zililazimika kukaa na kuamua nani aandikwe na nani aachwe. Hakuna mzazi anayepaswa kuambiwa afanye uchaguzi wa namna hiyo.

Zahanati yetu ina vyumba vichache, mganga mfawidhi mmoja, muuguzi na mhudumu wa usafi. Mgonjwa anapofika hutoa kadi, namba yake huingizwa kwenye simu, na jibu huonyesha kama kadi iko hai au muda wake umekwisha. Siku ambazo mtandao haupo, muuguzi huandika namba kwenye daftari na kuihakiki baadaye, na sijawahi kuona mtu mwenye kadi hai akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mtandao. Mapokezi ni mazuri. Kuna wakati nilisikia malalamiko kuwa wenye kadi huwekwa nyuma ya wanaolipa fedha taslimu, na huenda yapo mahali, lakini kwenye zahanati yetu foleni ni moja. Vipimo vya malaria, mkojo na wingi wa damu hufanyika papo hapo. Kwa mtoto mwenye homa usiku wa manane, kujua kwamba hakuna haja ya kugonga mlango wa jirani kukopa kabla ya kwenda zahanati ni jambo kubwa kuliko ninavyoweza kuandika.

Thamani kamili ya kadi niliiona kijana wetu wa kwanza alipopata maumivu makali ya tumbo, upande wa kulia chini. Mganga mfawidhi alimgusa, akatutazama, akasema hiki ni kidole tumbo na hakisubiri, kisha akaandika fomu ya rufaa. Hospitali ilimpokea, ikampima damu, ikampiga picha ya ultrasaundi na kumfanyia upasuaji jioni ileile. Kitanda, upasuaji, dripu, dawa za maumivu na za kuzuia maambukizi vyote vilipita kwenye kadi. Tulichotoa mfukoni ni nauli, chakula cha anayemuuguza, na aina moja ya dawa ambayo haikuwepo stoo ya hospitali tukaambiwa tuinunue nje. Kitanda cha pili alilala mkulima mwenzetu wa kata jirani, naye kwa ugonjwa wa aina hiyohiyo, lakini kaya yake haikuwa na kadi. Ndugu zake waliuza ng'ombe wawili kwa bei ya haraka, kwa mnunuzi aliyejua wana shida. Ng'ombe hao walikuwa wa kukokota jembe. Alipona, namshukuru Mungu, lakini msimu uliofuata alilima kwa mkono eneo dogo, na mavuno yake yakawa ya mtu aliyelima kwa mkono. Wanaosema kwamba matibabu ni jambo la mtu binafsi na familia yake wangekaa pale wodini siku moja wangeona jinsi ugonjwa wa wiki moja unavyoweza kuirudisha kaya nyuma kwa miaka.

Sasa tuzungumze bei. Shilingi 30,000 kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima, yaani shilingi 2,500 kwa mwezi kwa kaya yote. Hakuna hesabu yoyote ya biashara inayoweza kulifanya pato hilo lilipe upasuaji mmoja, seuze mshahara wa daktari, jengo, umeme na jenereta. Kadi inafanya kazi kwa sababu serikali imeshalipa sehemu kubwa kabla mimi sijafika dirishani: watumishi wanalipwa na Hazina, majengo yamejengwa kwa kodi na nguvu za wananchi, chanjo zinatolewa bure, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kukaa halmashauri zikisubiri kugawanywa. Mchango wa mwanakaya ni nyongeza juu ya msingi huo. Ndiyo maana nashangaa ninaposikia hoja kwamba CHF ni bima kama bima nyingine, na kwamba ikishindwa kujiendesha basi soko limeamua. Soko halikuwahi kuiuza, na wala haliwezi. Kampuni ya bima haiji kitongojini kwetu kumwandikisha mwanamke mwenye shinikizo la damu anayelima karanga na alizeti.

Wakubwa wetu wanakumbuka nchi ilivyopita njia zote mbili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilijengwa vijijini na matibabu yakawa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku kabisa. Kisha uchumi ukaanguka, dawa zikakosekana rafuni, na bure ikabaki ya jina, kwani mgonjwa alipewa cheti akanunue mwenyewe. Mwaka 1991 milango ya hospitali binafsi ilifunguliwa tena, na kuanzia 1993 uchangiaji wa gharama ukaingizwa kwa awamu, hospitali kubwa kwanza. CHF ilizaliwa katika mazingira hayo. Ilijaribiwa wilayani Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na ikapewa sheria yake mwaka 2001, mwaka uleule ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kuwahudumia watumishi wa umma kwa makato ya asilimia sita ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Tangu hapo nchi imekuwa na milango miwili. Mwenye mshahara hukatwa bila kuulizwa na hupata kitita kipana cha huduma, na asiye na mshahara huombwa ajiunge kwa hiari na hupata kilichopo. Sina kinyongo na mwalimu au muuguzi mwenye kadi ya NHIF, ameichangia kwa jasho lake. Ninachodai ni kwamba mlango wa pili nao uwe na kitu ndani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye udhaifu mkubwa wa huduma hii, nao ni dawa. Mama yangu anatakiwa kumeza dawa ya shinikizo la damu kila siku, bila kuruka. Kuna miezi ambayo dawa ipo, anapewa ya mwezi mzima, anarudi nyumbani ametulia. Kuna miezi mingine muuguzi humwambia kwa upole, "Mama, kadi yako iko hai, ila dawa yako imekwisha, na hatujui italetwa lini." Anaandikiwa kwenye kikaratasi. Duka la dawa muhimu la kijijini haliruhusiwi kuuza kila kitu na mara nyingi dawa hiyo haina, kwa hiyo mtu lazima apande bodaboda hadi makao makuu ya wilaya, ambako nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa yenyewe. Mwezi ambao hatukuwa na fedha, mama aliamua kimyakimya kumeza nusu kidonge ili zifike mbali. Tuligundua pale miguu ilipoanza kuvimba na kichwa kumgonga. Kadi ilikuwa hai wakati wote huo.

Silaumu muuguzi, wala simlaumu mganga mfawidhi, ambaye namwona akiandika maombi ya dawa kwa mkono wake. Kituo cha serikali hununua dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, na bohari inapokosa, kituo hakitakiwi kukaa mikono mitupu. Upo mfumo wa mshitiri unaoitwa Jazia, ambao nao ulianzia Dodoma mwaka 2014 na kupelekwa mikoa yote mwaka 2018, unaokiruhusu kituo kununua kilichokosekana bohari kutoka kwa mshitiri, yaani muuzaji mmoja binafsi aliyepatikana kwa ushindani na kukubaliwa na mkoa. Utaratibu ni mzuri sana. Lakini mshitiri naye anataka alipwe, na kituo kinalipa kwa fedha za CHF, za NHIF, za wanaolipa papo kwa papo na za ruzuku. Fedha za CHF zikichelewa kurudi kituoni, maombi hupungua, rafu huwa tupu, na mwanachama anayekosa dawa leo hatalipia kadi mwaka kesho. Mwaka kesho wanachama wakipungua, fedha hupungua zaidi. Nimeuona mzunguko huu kwa macho kijijini kwetu: nyumba ambazo mwandikishaji alikaribishwa kwa kiti na maji ya kunywa mwaka wa kwanza, zilimjibu mlangoni mwaka uliofuata.

Kuna sababu nyingine ya kadi ya hiari kuyumba. Mtu mzima, mwenye afya, aliyemaliza kuuza alizeti, ana mambo kumi ya kufanya na shilingi 30,000. Mwenye mgonjwa ndani hana la kufikiria, atalipa. Matokeo yake mfuko hujaa wagonjwa, na wazima ambao michango yao ingewabeba wako nje. Hili halikuikumba CHF peke yake. NHIF ilikuwa na Toto Afya Kadi, iliyompa mtoto wa chini ya miaka 18 matibabu kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwa mzazi mwenye mtoto mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo hapakuwa na kitu bora kuliko hicho nchini. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayohayo: wazazi wengi walisajili watoto walioanza kuugua, na matumizi yakapita michango kwa mbali. Naielewa hesabu. Sikubali hitimisho. Mfuko ukielemewa na watoto wagonjwa, hiyo ni ishara kwamba watoto wagonjwa wapo na wamekosa pengine pa kwenda, na kazi ya serikali hapo ni kuongeza waingiao wazima na kuweka fedha ya kujazia, kabla ya kufikiria kufunga mlango. Kadi ile ilirejeshwa baadaye, jambo ninalolipongeza kwa dhati, lakini kuna wazazi ambao watoto wao hawakuweza kusubiri hadi irejeshwe.

Wapo wanaosema wakulima wana uwezo, wanakunywa pombe, wanacheza ngoma, wanachangia harusi. Ni kweli tunachangia harusi. Lakini mtu anayesema hivyo hajakaa na kaya inayopata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na ambayo Februari haina hata shilingi elfu mbili ya chumvi na sabuni, wakati huohuo Februari na Machi ndiyo miezi ya mvua, mbu na homa. Uwezo wa kulipa na wakati wa kuugua havikutani. Maana ya kadi ni kulipia ugonjwa wa masika kwa fedha za Julai, na hilo mtu mmoja hawezi kujipangia mwenyewe, kwa sababu hajui ugonjwa utakaokuja ni wa shilingi elfu tano au laki tano.

Misamaha nayo inastahili kutajwa. Kwa mujibu wa sera ya afya, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na pale zahanatini kwetu bango la kuwapa wazee kipaumbele limebandikwa mahali linaposomeka. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa mwisho bila kulipa huduma. Lakini msamaha nao unaumwa ugonjwa uleule wa rafu tupu. Mzee anayesamehewa malipo ya dawa isiyokuwepo hajasaidiwa chochote, na kituo kinachotoa huduma za msamaha bila kurudishiwa gharama kinalazimika kuziba pengo kwa fedha za wanaolipa, ambao ni wachache na maskini vilevile. Serikali ikitoa msamaha, na iutolee fedha.

Kuhusu mipaka ya kadi nitakuwa mfupi. Inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa wa saratani, wa figo au wa moyo anayehitaji hospitali kubwa za kanda na taifa kama Benjamin Mkapa, Bugando, KCMC au Muhimbili anatoka nje ya kadi na kuingia kwenye gharama ambazo kijiji kizima kikichangishana hakizifikii. Bei ya Dar es Salaam pia ni tofauti, shilingi 150,000 kwa watu sita, na sijaitumia huko, kwa hiyo siipimi.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini tung'ang'anie vituo vya serikali wakati hospitali binafsi zipo na zinafanya vizuri. Zinafanya vizuri, na zile za mashirika ya dini zimewatibu Watanzania tangu kabla ya uhuru. Hata hivyo tulipata somo mwezi Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita chake kipya cha bei na hospitali kadhaa binafsi zikasitisha kuwapokea wanachama wake kwa madai kwamba viwango vilikuwa chini ya gharama. Watu waliokuwa wamechangia kila mwezi kwa miaka walifika mapokezi wakiwa na kadi hai na kuambiwa walipe taslimu au waondoke. Sibishani na hospitali hizo kuhusu gharama zao, wenye biashara wana haki ya kuhesabu. Nasema tu kwamba siku ile ilipofika, mlango uliobaki wazi kwa kila mtu ulikuwa wa hospitali ya serikali, na mlango huo ukidhoofishwa, mvutano mwingine wa bei ukitokea hapatakuwa na pa kukimbilia, kwa mkulima wala kwa mfanyakazi wa benki.

Mfano wa jirani upo karibu. Rwanda ilianza kujaribu mituweli zake, yaani mifuko ya bima ya afya ya jamii, mwaka 1999, ikazipanua nchi nzima katika miaka iliyofuata, ikafanya bima kuwa ya lazima kwa sheria, ikapanga michango kulingana na uwezo wa kaya, na kaya maskini kabisa zikalipiwa. Zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wameingia. Kwetu, wakati muswada wa bima kwa wote unajadiliwa, waliokuwa na bima ya aina yoyote walikadiriwa kuwa takriban asilimia 15 ya wananchi. Rwanda si tajiri kuliko Tanzania kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichotofautiana ni kwamba serikali yake haikuliacha jambo hili liwe la hiari ya mtu mmoja mmoja na bahati ya halmashauri.

Nasi sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, na kwa mara ya kwanza sheria inasema kila mkazi anapaswa kuwa na bima na kwamba wasio na uwezo wagharamiwe kupitia mfuko maalumu. Niliisikiliza mijadala yake nikiwa na matumaini na hofu kwa pamoja. Hofu yangu ni bei. Kitita kikiwekwa kwa bei ambayo mwenye ekari mbili za alizeti haimudu, na wakati huohuo hajahesabiwa kuwa maskini wa kutosha kusaidiwa, mtu huyo atakuwa amepoteza kadi ya shilingi 30,000 na hajapata nyingine. Watu wa aina hiyo ndio wengi vijijini: si wa kusaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, na si wa mshahara. Ndiyo kaya yangu. Sheria hiyo itapimwa kwetu sisi wa katikati.

Katiba yetu, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, ila sehemu hiyo ya Katiba haiwezi kudaiwa mahakamani. Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameandika haki ya afya katika ibara ya 43 kwa namna inayoweza kudaiwa, na ibara hiyohiyo inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sidai kwamba maandishi yamewatibu wagonjwa wote wa Kenya. Lakini haki inayodaiwa humpa mgonjwa mahali pa kusimama, na mimi ningependa mama yangu awe na mahali pa kusimama pengine zaidi ya huruma ya muuguzi. Vilevile, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo hatujaitimiza, na tofauti kati ya tulichoahidi na tunachotenga inaonekana wazi pale dirishani, kwenye rafu.

Kwa hiyo nawashauri nini wanaofikiria kukata kadi hii? Kateni. Kateni mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa mkononi, na msisubiri mtu augue. Hakikisheni kila picha na kila jina limeingia sawasawa, hasa tarehe za kuzaliwa za watoto, kwa sababu kosa dogo huleta usumbufu mkubwa siku ya rufaa. Mkienda hospitali ya juu bila dharura, pitieni zahanati kwanza mpate fomu, maana bila rufaa kadi haitawasaidia. Na mwenye mgonjwa wa dawa za kila siku aweke akiba kidogo ya dawa na ya nauli, jambo ambalo naliandika kwa uchungu, kwani kadi ilitakiwa kumwondolea hitaji hilo.

Ningepewa nafasi ya kutoa alama, ningeipa CHF iliyoboreshwa nne kati ya tano kwa uandikishaji, tano kati ya tano kwa upasuaji uliomwokoa mwanangu, na mbili kwa dawa. Alama hizo mbili hazitaongezwa na juhudi za mganga mfawidhi peke yake. Ninaiomba halmashauri ibandike kila mwezi, kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, kiasi cha fedha za CHF kilichorudi kituoni, dawa zilizoombwa, zilizofika na zilizokosekana, ili kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe kutoka miongoni mwetu wanakijiji, iwe na cha kuuliza. Ninaiomba Wizara ya Afya na TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, zihakikishe dawa za shinikizo la damu, kisukari na kifafa zinapata fungu lake lililohakikishwa hadi zahanati, kama ambavyo dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI zimepata kwa miaka mingi na zinapatikana bila malipo. Na ninaliomba Bunge, kila bei ya kitita inapofika mezani, lianze na pato la mwaka la mwenye ekari mbili, kisha ndipo lifanye hesabu ya mfuko.

Kadi yetu inakwisha muda wake baada ya mavuno haya. Fedha ya kuilipia tena nimeshaitenga, na ya kadi ya shangazi pia.